Naomba ushauri: kijana aliyehamahama ajibu vipi "kwenu wapi?"

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Kijana wetu ana miaka 17. Kazaliwa Wete, kaanza skuli Mkoani, huko huko Pemba, kamalizia msingi Makunduchi, Unguja, sasa tuko Mwanakwerekwe, hapa hapa Unguja. Akiulizwa "kwenu wapi?" husema "kwetu…" kisha hunyamaza, macho chini. Inaniuma. Akitaja Wete, huambiwa hasemi Kipemba. Akitaja Makunduchi, huulizwa mtoto wa nani, na kule hana ukoo. Tumemfundisha ataje alikozaliwa kisha alikokulia, lakini jibu ni refu, muulizaji keshageuka.

Naombeni: atangulize asili ya wazee au alikokulia? Na akifika kwa sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa wetu) kwa ajili ya kitambulisho cha Mzanzibari, cheti cha kuzaliwa kikisema Wete, aelezeje kuhama kote huku?