Granaiti nyeusi, marumaru, terazo au vigae: ipi inafaa kwa nyumba ya Dodoma?

Mjenzi wa Iyumbu
Habari za kazi, wanajukwaa. Nyumba yangu imefikia umaliziaji na natakiwa kuamua mambo matatu: uso wa kaunta ya jikoni, ngazi za mbele zinazotazama magharibi, na vizingiti vya madirisha. Mke wangu anataka granaiti nyeusi kote, fundi wangu anasema vigae vinatosha, na jirani ananishauri terazo, yaani saruji yenye vipande vya mawe iliyosuguliwa, kwenye ngazi. Marumaru nyeupe nayo nimeiona dukani na inavutia. Naomba mnilinganishie kwa kuzingatia jua letu, vumbi jekundu na maji ya kisima yenye chumvi.

Fundi Mawe wa Nkuhungu
Ndugu Mjenzi, kwa kaunta ya jikoni iondoe marumaru kwanza. Marumaru ni madini ya kalsaiti, ambayo ugumu wake ni 3 katika kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa madini kinachoanzia 1 hadi 10, kwa hiyo hata kisu cha kawaida kinaikwaruza. Baya zaidi ni tindikali. Jiko letu halikosi ndimu, ukwaju, nyanya na siki, na tone la ndimu likikaa juu ya marumaru iliyong'arishwa huacha doa lililofifia ambalo halitoki kwa sabuni, kwa sababu si uchafu bali ni jiwe lenyewe limeliwa. Granaiti nyeusi nzuri ina ugumu wa kama 6, haiathiriwi na ndimu, na inastahimili sufuria ya moto, ingawa mimi hushauri kuweka kikalio chini ya sufuria, hasa karibu na tundu la sinki ambako jiwe limebaki jembamba.

Kijana wa Nzuguni
Vigae visidharauliwe. Vile vigumu vya kauri iliyochomwa kwa joto kali havikwaruziki kirahisi, na kimoja kikipasuka unabadilisha hicho tu. Kwa mwenye bajeti ndogo ni jibu la haki kabisa. Tatizo lake kwenye kaunta ni maungio, kwa kuwa saruji ya katikati hunyonya mafuta na kuwa nyeusi.

Mwanamiamba
Nimesomea miamba, kwa hiyo naomba niongeze jambo ambalo mnunuzi hunufaika akilijua. Mawe mengi yanayouzwa kama granaiti nyeusi ni gabro au dolerite, yaani miamba iliyotokana na magma, ule uji wa moto wa miamba, iliyopoa chini ya ardhi, yenye madini meusi kama piroksini na isiyo na kwatzi, yale madini angavu ya granaiti, au yenye kidogo sana. Granaiti halisi ni ile ya kijivu au yenye wekundu hafifu tunayoiona kwenye vilima vinavyouzunguka mji wetu, na umri wa miamba hiyo ya kati ya Tanzania unazidi miaka bilioni 2.5. Mawe meusi maarufu sokoni huchimbwa India, Zimbabwe katika eneo la Mutoko, na Afrika Kusini karibu na Rustenburg. Mnunuzi hajadanganywa kwa hilo, maana gabro na dolerite ni imara na hazinyonyi maji haraka.

Udanganyifu uko kwingine: kuna mawe ya kijivu yanayopakwa rangi au mafuta ili yaonekane meusi. Omba kipande kidogo cha bamba lile lile utakalonunua. Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe kwa asetoni, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha, kisha sugua kwa nguvu. Kitambaa kikitoka na weusi, achana na jiwe hilo. Halafu weka tone la ndimu kwa dakika kumi na tano, osha, kausha, na utazame ukiwa umeinamisha kipande kuelekea mwanga. Mahali penye tone pakiwa pamefifia, ama rangi imeondoka ama jiwe lina kalsaiti.

Mama Jiko Area C
Nina mgahawa, na kaunta yangu ni nyeusi iliyong'arishwa kama kioo. Naipenda, lakini mkeo aelezwe ukweli kabla hamjalipa. Maji ya kisima yakikaukia juu yake huacha miduara meupe ya chumvi, na vumbi la mchana linaonekana kuliko kwenye jiwe la kijivu. Sisi hufuta kwa kitambaa kikavu kila baada ya kuosha, na hatutumii siki kuondoa chumvi hiyo, kwa sababu inaharibu saruji ya vigae vya ukutani. Ningenunua leo, ningechagua jiwe hilo hilo jeusi lenye uso uliosuguliwa bila kung'arishwa, kwa kuwa alama za vidole na za maji hazionekani sana.

Mjenzi wa Iyumbu
Asanteni sana. Mama Jiko, nimemsomea mke wangu na amekubali uso usiong'aa. Je, ngazi?

Fundi Mawe wa Nkuhungu
Kwenye ngazi za magharibi sikushauri jiwe jeusi hata kidogo. Weusi hufyonza joto, na saa tisa alasiri mwezi wa Oktoba mtoto hawezi kukanyaga pekupeku. Tena jiwe lililong'arishwa huteleza mvua zinapoanza Desemba, hasa likiwa na vumbi lililolowa. Jirani yako amesema kweli: terazo ya rangi ya mchanga, yenye ukanda usioteleza kwenye ukingo wa kila kipandio, hudumu miaka mingi na husuguliwa upya ikichakaa. Granaiti ya kijivu yenye uso uliogongwa inafaa pia. Terazo hiyo hiyo usiipeleke jikoni, kwani saruji yake huliwa na ndimu kama marumaru.

Kwenye vizingiti vya madirisha weka nyeusi ukipenda. Viwe na mwinamo wa kuelekea nje, na chini ya ukingo ukatwe mfereji mwembamba ili maji yadondoke badala ya kurudi ukutani.

Mwanamiamba
Ndugu Mjenzi, angalia pia uzito. Mita moja ya mraba ya jiwe hili lenye unene wa milimita 20 ni kama kilo 60, na la milimita 30 ni kama kilo 90. Kaunta ya mita 3 kwa sentimita 60 itakuwa na kilo zaidi ya 100 kwa bamba jembamba.

Fundi Mawe wa Nkuhungu
Ndiyo maana makabati yafungwe na kupimwa kwa pima maji kabla sijaja kuchukua vipimo vya jiwe, na sinki lenyewe liwe limeshanunuliwa, kwa sababu tundu hukatwa kwa kulifuata sinki lililopo mkononi.