Mchango wa maabara tunalipa, tuisheni tunalipa, na mtoto bado anaambiwa moli ni pembetatu ya kukariri

Wakuu, salama? Niseme mapema kabla hamjanirukia: mimi siyo mwalimu. Nina duka la vifaa vya ujenzi, nauza misumari, bolti, mabomba, rangi. Kemia niliishia kidato cha nne, zamani hizo, ila sikuifanya vibaya. Binti yangu yuko kidato cha tatu. Shule siitaji. Ada yake inanitoa jasho, juu ya ada kuna mchango wa maabara, na juu ya mchango kuna hela ya tuisheni ya jioni anayofundisha mwalimu yuleyule wa asubuhi.

Wiki iliyopita kaja na karatasi ya jaribio la moli, kile kipimo cha kemia cha kuhesabia chembe. Sufuri kwenye swali la alama tano. Swali lilikuwa la Kiingereza, nawatafsiria: gramu 4.8 za magnesiamu zimechomwa ndani ya gramu 4.8 za oksijeni. Kipi kinabaki, kiasi gani, na oksidi ya magnesiamu inayopatikana ni gramu ngapi?

Mtoto kajumlisha. Gramu 9.6, hakuna kinachobaki.

Amekosa, sikatai. Lakini hajakosa kwa uvivu. Ameona vitu viwili vya uzito sawa vimeingia, akadhani vinaisha pamoja. Mwalimu kapiga mkasi mwekundu mpaka karatasi imetoboka, chini kamwandikia aongeze bidii. Bidii ya nini? Hakuna hata mstari mmoja wa kumwonyesha alipopotelea.

Nikamwita kaunta. Nikamwambia, hebu fikiri bolti moja ina gramu 24, nati yake gramu 16. Fundi anakuja anataka kilo 4.8 za bolti na kilo 4.8 za nati. Ataondoka na seti ngapi? Akachukua kikokotoo: bolti 200, nati 300. Kimya kidogo. "Sasa nati mia zitabaki." Zina uzito gani? Kilo 1.6. Na seti mia mbili, kila moja gramu 40? Kilo 8. Nikamwambia rudi kwenye karatasi yako, weka gramu mahali pa kilo. Uzito wa atomu ya magnesiamu kwa ya oksijeni ni 24 kwa 16, na katika oksidi ile zinashikana atomu moja kwa atomu moja, kama bolti na nati. Oksijeni inabaki gramu 1.6, oksidi gramu 8. Jumla bado 9.6, kwa hiyo hata kujumlisha kwake hakukuwa upuuzi.

Tulitumia dakika kumi, na katikati nikahudumia wateja wawili.

Akaniuliza mbona hawakuambiwa hivyo. Ndipo nikaomba daftari, na hasira yangu ilianzia hapo.

Kurasa nne nzima za moli, na hakuna sehemu inayosema moli ni HESABU YA IDADI. Kuna pembetatu: gramu juu, moli na uzito wa moli chini, funika unachokitafuta. Kuna "6.02 kwa kumi kipeo cha 23" imepigiwa mstari mara mbili, bila kusema ni idadi ya nini. Halafu peke yake katikati ya ukurasa: moli moja ni lita 22.4. Basi. Haisemi ya gesi, haisemi katika joto gani.

Matokeo yake? Swali la kutitreti, yaani kupima asidi kwa kuidondoshea besi, au besi kwa asidi, mpaka zimalizane: asidi sentimita za ujazo 25, moli 0.1 kwa lita, ni moli ngapi? Mtoto kachukua 0.025, yaani hizo sentimita 25 kwa lita, kagawa kwa 22.4, kapata 0.0011. Asidi iliyoyeyuka kwenye maji, jamani! Jibu ni kuzidisha 0.025 kwa 0.1, yaani moli 0.0025, mtu anapiga kichwani. Lakini atajuaje, kama daftari linamwambia moli ya kitu chochote inajaza lita 22.4? Moli moja ya maji ni gramu 18, inazidi kidogo kijiko kikubwa cha mezani. Lita 22.4 hazienei kwenye ndoo ya lita 20. Angeambiwa hilo tu asingekosea.

Cha kuudhi zaidi, daftari linasema Avogadro ndiye aliyegundua hiyo 6.02. Siyo. Alichosema yule Mwitalia mwaka 1811 ni kwamba gesi zenye ujazo sawa, katika joto na kanieneo (msukumo wa gesi) sawa, zina idadi sawa ya molekuli. Namba yenyewe hakuijua mpaka anakufa mwaka 1856. Mfaransa Jean Perrin ndiye aliyependekeza mwaka 1909 iitwe kwa jina lake. Siyo porojo za historia hizi. Mtoto akiambiwa alichokisema Avogadro, anaelewa palepale kwamba 22.4 ni ya gesi tu, kwenye nyuzi sifuri na kanieneo ya atmosfia moja. Kwa joto la Dar la nyuzi 30 ni karibu lita 25.

Na tafsiri ya moli waliyonakili bado ni ile ya idadi ya atomu zilizomo kwenye gramu 12 za kaboni-12, wakati tangu Mei 20, 2019 imebadilishwa: moli ni chembe 6.02214076 kwa kumi kipeo cha 23, kamili. Tafsiri mpya ndiyo rahisi kwa mtoto, maana inasema wazi kwamba ni idadi, kama dazeni au korija. Sisi tumekumbatia ile ngumu.

Kingine, lugha. Mtoto kasoma Kiswahili miaka saba, leo anakutana na neno hili kwa Kiingereza, "mole", bila maelezo. Alifungua kamusi akakuta "fuko", yule mnyama anayechimba mashimo shambani. Nilicheka, halafu nikawaza kwamba fuko kwa maana ya mfuko mkubwa lingemsaidia kuliko daftari lake: kila fuko lina chembe idadi ileile, uzito ndio unatofautiana.

Nikampigia mwalimu. Kwa heshima kabisa. Akanijibu, "Mzazi, silabasi ni ndefu, hao wengine mbona wanaelewa?" Wengine wapi? Binti anasema waliopata zaidi ya nusu ni sita katika darasa la hamsini na kitu. Nikauliza mchango wa maabara. Kumbe kutitreti wamefanyiwa mbele ya darasa, bureti (ule mrija wenye vipimo wa kudondoshea) moja, waliokaa nyuma wakaambiwa waandike 24.50 kama usomaji wao. Mtoto hajawahi kushika pipeti, ule mrija wa kunyonyea na kupimia kimiminika! Hajawahi kuona ile methili oranji, rangi ya kuonyesha asidi imeisha, ikigeuka kwa tone moja, na mwakani ana mtihani wa taifa.

Najua kuna walimu humu mtasema madarasa yamejaa na mishahara midogo. Nakubali yote mawili. Ila kusema "hii namba ni ya gesi tu" hakuhitaji bajeti. Na anayeweza kufafanua saa kumi na moja jioni kwa shilingi elfu mbili kwa kichwa, asubuhi anashindwa nini?

Kikao cha wazazi ni Jumamosi saa nne. Nataka lile swali lisahihishwe upya kwa darasa zima, na nataka kujua bureti za mchango wetu ziko wapi. Mwenye mtoto kwenye shule ya namna hii aje tuseme wawili, maana mmoja ataitwa mkorofi. Mzani wa dukani nabeba, na nati zangu.