Eti "kadi si daftari, dada"! Yule wa memori kadi leo amenivua nguo mbele za watu

Sindano_ya_Solda
Wadau, naandika nikiwa ndani ya teksi, hii matatu yetu ya Kampala, pale Old Taxi Park. Teksi haijajaa, hasira ndiyo imejaa, kwa hiyo msinisahihishe tahajia.

Jina sitaji. Mnamjua. Kama umewahi kununua chochote chenye waya hapa Kampala, umesimama mbele ya kaunta yake ya kioo, yeye miwani kichwani, simu tatu mkononi, na kila kilichoharibika umekiharibu wewe.

Nimemrudishia memori kadi yake iliyokufa. Duka limejaa. Akaniangalia kuanzia viatu kupanda juu, akatangaza kama dalali wa mnada: "Dada, tatizo lako unaandika sana. Kadi si daftari."

KADI SI DAFTARI. Sasa ya nini? Nivae kama hereni?

Nina bodi ya Linux, kompyuta ndogo inayotumia kadi hiyo kama diski, kwenye tangi la kupozea maziwa upande wa Mbarara. Inapima joto na kuandika kila dakika, maana maziwa yanatakiwa yakae nyuzi 4, yakipanda mnunuzi anakataa. Mwenye tangi kanipigia: "Mwanangu, mashine yako inasema leo ni juzi." Kila umeme ukikatika na kurudi, rekodi mpya zote zimeyeyuka, zimebaki za zamani. Nafuta faili, linafutika vizuri kabisa, nawasha upya, faili hilo hapo linanichekea. Nafomati, inaitikia kwa adabu zote, nawasha upya, kila kitu nimekikuta kilipokuwa. Hatimaye dmesg, ile orodha ya ujumbe wa keneli (moyo wa Linux), ikaanza kutapika error -110, yaani keneli imeisubiri kadi ijibu mpaka imekata tamaa, kisha hii:

EXT4-fs (mmcblk0p2): Remounting filesystem read-only

Yaani sasa kusoma tu, kuandika hapana. Namwonyesha hiyo. Hakusoma hata herufi. Kachukua ufutio wa penseli, kasugua miguu ya kadi, kaichomeka kwenye simu yake, KANIPIGA PICHA MIMI, akawaonyesha wateja: "Mnaona? Inaandika." Nikamwambia zima simu uwashe, tuone kama hiyo picha itakuwepo. Akagoma! Ndipo akatoa hiyo hadithi yake ya daftari, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akacheka. Mtoto naye akacheka.

Nsenene_Kubwa
Nilisoma kichwa cha uzi nikadhani umevuliwa nguo kweli, nimekuja mbio. Kumbe memori kadi 😂

Bodi_Imeungua
Pole mleta uzi. Kadi ikiishiwa bloku za akiba, zile za kuziba pengo la zilizochakaa, hujifunga yenyewe: kusoma ruksa, kuandika hapana. Nyingine hazina hata ustaarabu wa kukwambia, zinasema "nimeandika" halafu hazikuandika. Unachokiona kabla ya kuzima ni nakala iliyo kwenye RAM tu, ile inayofutika ukizima. Na hiyo "leo ni juzi" ni kadi hiyo hiyo: kama bodi haina betri ya saa, programu ya fake-hwclock inasoma saa kutoka kwenye faili, na faili halibadiliki tena. Swali dogo: GB ngapi, na ulinunua shilingi ngapi?

Sindano_ya_Solda
Bei si hoja. Hoja ni kwamba mtu mzima amesema kadi si daftari.

Nsenene_Kubwa
Bei imemkaba koo 😂😂

Mama_Voteji
Na ile picha yako je?

Sindano_ya_Solda
Nimeiangalia kwenye laptop humu humu ndani ya teksi. Haipo. Hata sura yangu kadi imeikataa.

Nsenene_Kubwa
Hapo kadi nimeielewa.

Kisenyi_Data
Mna bahati nyie. Huyo huyo kaniuzia ya GB 256. Nikaipima kwa f3probe, programu ya kunasa kadi feki, ikaniambia kadi halisi ni GB 8, zilizobaki ni maandishi ya nje. Kumrudia ananiambia, "Ssebo, zile nyingine zinafunguka polepole ukiendelea kutumia." Banange!

Mzee_wa_NAND
Wote mliofunga memori kadi ya dukani kwenye mashine ya kazi hamna haki ya kulia. Chukueni bodi yenye eMMC, memori iliyochomelewa kwenye bodi yenyewe, angalau amri ya "mmc extcsd read" itawaonyesha umri wake: ikiandika 0x01 bado mbichi, ikifika 0x0B imepita umri wake, andaa nyingine. Na punguzeni logi, hizo kumbukumbu za mfumo, watoto. Storage=volatile kwenye journald.conf logi zibaki RAM, noatime kwenye fstab faili likisomwa tu muda usiandikwe, partisheni ya mfumo isomwe tu, rekodi zikusanye kwenye RAM uandike kila baada ya dakika kumi.

Sindano_ya_Solda
Mzee, na wewe unasema naandika sana?

Mzee_wa_NAND
Sijasema hivyo.

Nsenene_Kubwa
Amesema hivyo.

Mama_Voteji
Na umeme ukikatika dakika ya tisa, hizo rekodi za RAM anazila nani? Huku kwetu Gayaza unakatika wakati mtu bado anasema "afadhali leo upo".

Bodi_Imeungua
Kukatika katikati ya kuandika nako kunaua kadi. Weka betri ndogo, bodi ipate muda wa kujizima yenyewe.

Mkongwe_wa_Jinja
Umeme msinitajie. Sisi bwawa la kufua umeme la Nalubaale liko hapa hapa tangu 1954, nikitoka nje nalisikia, na jana nimekula kwa tochi ya simu.

Kisenyi_Data
Bora wewe umekatiwa na mitambo. Mimi nakatiwa na mwenye nyumba. Yaka (mita ya umeme wa kulipia kabla) moja, wapangaji sita, tokeni ikiisha kila mlango unajifanya umelala.

Sindano_ya_Solda
Jamani turudi kwenye mada, huyu mtu amenipiga picha bila ruhusa

Mama_Voteji
@Kisenyi_Data kwenu nani anapiga pasi usiku? Kwetu ni yule wa chumba cha mwisho, mashati ya wiki nzima kwa tokeni niliyonunua mimi.

Kisenyi_Data
Pasi ina nafuu. Mwenye nyumba wangu kaunganisha friji yake ya kuuzia soda kwenye Yaka yetu, halafu soda hiyo hiyo ananiuzia kwa bei ya duka.