Mjadala: Mtandao wa giza unavutia kwa kilichomo au kwa kufichwa? Vijana wafundishwe au tunyamaze?

Mchokonozi (mleta mada)

Wakuu, kuna bango linalozunguka kwenye semina za usalama wa mitandao. Ni mlima wa barafu: juu ncha ndogo ya "intaneti ya kawaida", chini giza tupu, pembeni imeandikwa asilimia 96. Kisha onyo: usithubutu kuingia.

Nasema bango lile ndilo linalozalisha hamu. Ukiona vyaelea vimeundwa, na mlima ule umeundwa. Mwaka 2001 Michael Bergman aliandika kuhusu kurasa ambazo mashine za kutafutia hazizifikii, akakadiria kuwa ni mara 400 hadi 550 ya zile zinazoonekana. Alikuwa anazungumzia hifadhidata. Kwa lugha ya leo ni sanduku lako la barua pepe, salio lako la benki, faili la mgonjwa hospitalini. Mtandao wa giza, yaani tovuti zinazofunguka tu kwa Tor (programu inayoficha nani anawasiliana na nani mtandaoni) na nyingine za aina yake, ni kipande kidogo mno. Watu wakachanganya mambo mawili, hofu ikapata takwimu za kutembea nazo.

Pendekezo langu: shuleni tufundishe kwa undani mpaka mada ichoshe. Wapinzani karibuni.

Fundi Seva

Naunga mkono, na somo lenyewe hili hapa. Dakika 40, bahasha tatu za ukubwa tofauti, kikaratasi kimoja. Hakuna kompyuta.

Andika ujumbe. Utie kwenye bahasha ndogo yenye anwani ya mpokeaji. Hiyo itie kwenye ya kati iliyoandikwa "Neema". Nayo itie kwenye kubwa iliyoandikwa "Juma". Mkabidhi Asha na umwambie ampe Juma. Kila mmoja afungue bahasha yake tu. Asha anamjua mtumaji, hajui barua inaishia wapi. Juma anamjua Asha na Neema basi. Neema anajua inakokwenda, hajui ilikotoka. Hiyo ndiyo Tor: vituo vitatu, tabaka tatu za usimbaji, yaani kuufunga ujumbe kwa siri. Wazo lilizaliwa kwenye maabara ya utafiti ya Jeshi la Majini la Marekani miaka ya 1990, mtandao ukafunguliwa kwa umma 2002.

Kisha waonyeshe unapovunjika. Kuna mwanafunzi ataandika jina lake ndani ya barua. Hapo hata bahasha mia hazimfichi. Kuna atakayekaa pembeni na saa: Asha kapokea 4:10, Neema katoa 4:11, na darasani hakuna barua nyingine inayotembea. Amekwisha kujua. Ndiyo maana Tor haina maana bila umati.

Ukitaka tovuti ya ndani ya Tor, vituo vinakuwa sita, vitatu upande wako na vitatu upande wao, kwa hiyo kurasa zinajikokota. Mtoto akishaelewa hilo, ile hadithi ya "chumba chekundu", eti watu wanalipa kutazama mateso mubashara, inaanza kunuka utapeli. Njia ile ni finyu kwa video ya mubashara, na hakuna chumba hata kimoja kilichowahi kuthibitishwa.

Mama Fikra

Fundi, Tor umeifundisha vizuri. Hamu yenyewe umeigusa robo.

Robo hiyo ni pengo. George Loewenstein alieleza mwaka 1994 kwamba udadisi huwasha pale mtu anapoona nafasi kati ya anachokijua na anachotaka kukijua. Sisi tumeujua mchezo huo tangu utotoni: kitendawili! Tega! Na aliyeshindwa yuko radhi kutoa mji mzima apewe jibu. Bango la barafu ni kitendawili kilichotegwa bila kuteguliwa, na bahasha zako zinakitegua. Sawa.

Lakini kuna ukaidi. Jack Brehm alionyesha tangu 1966 kwamba mtu akinyang'anywa uhuru wa kuchagua kitu, kitu hicho hupanda thamani machoni pake. Vitisho havisaidii. Kule Rahway, New Jersey, miaka ya 1970, walianza kuwapeleka vijana gerezani wakafokewe na wafungwa waogope uhalifu. Programu za namna hiyo zilipopimwa kwa kulinganisha makundi, waliopelekwa walifanya makosa zaidi ya wale walioachwa nyumbani.

Halafu kuna kutaka kujua hata kama kujua kunauma. Mwaka 2016 Christopher Hsee na Bowen Ruan walichapisha jaribio la kalamu za mzaha zinazopiga shoti ya umeme. Waliojua ipi inapiga na ipi haipigi walibofya chache. Waliopewa kalamu zisizojulikana walibofya nyingi zaidi, na hapakuwa na zawadi yoyote. Kijana anayefungua linki asiyoijua saa nane usiku anabofya kalamu ileile.

Na ipo hadhi. Anayesema kijiweni "mimi nimeshaingia huko" anasikilizwa. Huyo, Fundi, umempa cheti.

Kasa wa Pwani

Asante, Mama, umenirahisishia kazi. Undani si maji ya kuzima moto tu, ni ramani pia. Silk Road, soko la dawa za kulevya ndani ya Tor, lilifunguliwa mapema 2011 na wachache walikuwa na habari nayo. Tarehe 1 Juni mwaka huo jarida la mtandaoni la Gawker likaeleza inavyofanya kazi na namna ya kuifikia, wageni wakafurika. Siku chache baadaye maseneta wawili wa Marekani wakaitaka ifungwe, umaarufu ukaongezeka. Ilifungwa Oktoba 2013. Aliyewaleta wateja ni nani, ukimya au maelezo?

Mkifundisha 200, 190 watasinzia. Kumi je?

Fundi Seva

Kasa, Gawker walieleza duka. Mimi naeleza bahasha. Mwandishi anayetaja bidhaa, bei na mlango ametangaza biashara; anayeeleza kwa nini barua haionekani ametoa somo, karibu sawa na la fizikia.

Na hao kumi, kinachowapata kwanza ni kuibiwa. Anwani ya Tor ina herufi na tarakimu 56 kabla ya .onion, hakuna anayeikariri. Macho yanaangalia tano za mwanzo. Tapeli anatengeneza anwani zake kwa kubahatisha hadi apate inayoanza vilevile: alama 32 kwa kila nafasi, mara tano, ni majaribio kama milioni 33. Kwa kompyuta ya kawaida ni kazi ndogo. Akifikisha kumi na mbili za mwanzo atazeeka. Basi fundisha kulinganisha zote 56. Ya mwisho haisaidii kitu, anwani zote za toleo la sasa zinaishia na d.

Na wauaji wa kukodi je? Mwaka 2016 data ya tovuti ya Besa Mafia ilivuja: bitcoin zimepokelewa, kazi haikufanyika hata moja. Sitacheka sana, maana mteja mmoja wa Minnesota, baada ya kusubiri bure, alimwua mkewe mwenyewe.

Kasa wa Pwani

Hapo umenisaidia mimi. Tovuti ilikuwa feki, nia ya mtu haikuwa feki.

Mchokonozi

Ila tuweke vipimo. Utafiti wa Jardine na wenzake wa 2020 ulikadiria kuwa kwa siku ya kawaida asilimia 6.7 ya watumiaji wa Tor ndio huenda wanaitumia kwa ubaya. Kwenye nchi zenye uhuru ni 7.8, kwenye zisizo na uhuru 4.8.

Mama Fikra

Tahadhari na namba hiyo. Walihesabu kila anayetembelea tovuti za ndani ya Tor kuwa ni mshukiwa. BBC ilifungua yake Oktoba 2019 ili wanaofungiwa nchini mwao wasome habari. Msomaji huyo naye yumo kwenye 6.7.

Kasa wa Pwani

Tuje nyumbani. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliwataka wanaotumia VPN (huduma ya kupitisha mawasiliano kwa njia iliyofichwa) Tanzania watoe taarifa kabla ya tarehe 30. Mwalimu gani atasimama kufundisha Tor kwenye hali hiyo? Na msiniambie Tor si VPN, mkaguzi hatasikiliza.

Fundi Seva

Ndiyo maana bahasha. Karatasi haisajiliwi.

Kasa wa Pwani

Bahasha nakubali, kwa sharti moja: bango la barafu litoke ukutani siku hiyohiyo, na kipindi kiishe kwa wanafunzi kuandika walichodhani kipo huko na wanachodhani sasa, tuone kama hamu imeshuka au imehama. Isiposhuka, nitadai mjadala huu ufunguliwe upya. Na mtuambie mapema mwalimu atajibu nini mkono wa kwanza ukinyooka: "Mwalimu, tupe linki."

Mama Fikra

Atatoa ya BBC. Habari zilezile, zinafunguka polepole.

Kasa wa Pwani

Na mkono wa pili?