Agapanthasi: majani tele, maua hakuna

Swali (Entebbe): Wadau, agapanthasi za ukingoni mwa bustani, chini ya mwembe, zina majani mazito ya kijani lakini hazichanui. Kila mwezi zinawekewa samadi ya kuku. Shida ni nini?

Jibu (Jinja): Kivuli na samadi, vyote viwili. Ua hili asili yake ni Afrika Kusini, linataka jua angalau saa 6 kwa siku. Samadi ya kuku imejaa naitrojeni, nayo husukuma majani tu. Acha kabisa. Mvua za Machi zikianza, zihamishie mahali pa wazi.

Jibu (Kabale): Na zing'olewe kwa uma wa bustani, jembe hukatakata ile mizizi minene nyeupe. Kung'uta udongo, gawa shina kwa kisu kikali, kila kipande kibaki na machipukizi 2 au 3 na mizizi yake. Punguza majani nusu. Panda kwa nafasi ya sm 40, shingo (pale majani yanapokutana na mizizi) iwe usawa wa udongo au chini kidogo tu. Ikifukiwa sana kwenye udongo wa mfinyanzi unaotuamisha maji, huoza. Hapo inua tuta la sm 15 kwanza. Vaa glavu, utomvu wake huwasha.

Muulizaji: Asanteni sana. Zitachanua msimu huo huo?

Jibu (Kabale): Usitegemee, ndugu. Zikigawanywa hujenga mizizi kwanza. Usizigawe tena kabla ya miaka 4 hivi, maana zikibanana kidogo ndipo huchanua vizuri. Konokono watoe kwa mkono jioni, hupenda kujificha kwenye makunjo ya majani.