Tukichakata vizuri, bado tunahitaji migodi mipya?

Msomaji wa Usiku: Naomba tulijadili hili bila ushabiki. Sola, upepo na magari ya umeme vinatutoa kwenye makaa ya mawe, nakubali. Lakini betri zinataka lithiamu, nikeli na kobalti, na karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, nyingi ikitoka upande wa Kolwezi. Vijana wanaoshuka mashimoni kwa kamba na tochi ya kichwani tumewaona wote. Kwa nini tusisimamishe migodi mipya, tukalazimisha madini yaliyokwisha kuchimbwa yachakatwe, yaani yatolewe kwenye vitu vilivyochoka yatumike upya? Na kazi hiyo ifanyike viwandani, kwa watu waliosomea, wala si hawa wa vyuma chakavu ambao hawajui hata wanachoshika.

Kipimapembe: Mkuu, huwezi kuchakata kitu ambacho bado kiko kazini. Paneli inakaa juu ya paa miaka 25 hadi 30. Betri nyingi za magari zinazorudi leo ziliuzwa miaka kumi au zaidi iliyopita, enzi magari ya umeme yalikuwa ya kuhesabu. Hata ukikusanya zote bila kupoteza moja, hazitoshi kutengeneza zinazotakiwa mwaka huu. Hiyo ni hesabu ya muda tu, wala sitetei migodi.

Seli Mbili: “Hawajui wanachoshika”? Mimi nashika betri za laptop mwaka wa tisa huu. Nafungua kasha, natoa seli moja moja, napima kwa mita. Iliyoshuka chini ya volti 2 naitenga, hairudi kazini. Zilizobaki nazichaji, naziacha wiki nzima mezani, napima tena. Inayoshuka haraka au inayopata moto, nje. Kwenye kasha la seli sita mara nyingi zilizokufa ni mbili. Nne zinawasha taa usiku. Hao waliosomea wangezisaga zote sita ziwe unga mweusi. Nani hapo anayejua anachoshika?

Msomaji wa Usiku: Ndugu, sikukulenga wewe. Nilisema wa vyuma chakavu.

Seli Mbili: Seli nazinunua kwao. Ukiwatukana wao umenitukana mimi.

Upepo wa Kusi: Turudi kwenye mada. Makaa ya mawe dunia inachoma zaidi ya tani bilioni 8 kila mwaka, na yakishaungua hakuna wa kuyaokota. Shaba ya waya inayeyushwa na kurudi kuwa waya. Alumini ya fremu za paneli ukiiyeyusha upya unatumia kama asilimia 5 tu ya nishati ya kuitoa kwenye boksaiti. Ulaya wamepitisha sheria kwamba ifikapo 2030 lithiamu ya betri za magari itoke kwenye betri kuukuu, tena kwa kiwango kikubwa.

Kipimapembe: Ni 2031, na kiwango si kikubwa. Lithiamu asilimia 6, nikeli 6, kobalti 16. Risasi, ile metali ya betri za kawaida za gari, ndiyo 85. Na kuna jambo hamligusi: betri nyingi mpya ni za chuma na fosfati, hazina kobalti wala nikeli kabisa. Kolwezi itapumua kidogo, sawa. Lakini mchakataji anaishi kwa hiyo kobalti. Ikiondoka, nani atamlipa kuvunja betri ambayo ndani yake hamna cha maana cha kuuza?

Mama Wawili: Seli Mbili, ufundi wako nauheshimu, ila hapo umenigusa pabaya. Baba yangu alikuwa anavunja betri za gari. Shoka, tindikali inamwagwa kwenye shimo nyuma ya jiko, vibamba vinayeyushwa kwenye sufuria kuukuu. Mikono yake ilikuwa inajua kila kitu. Mdogo wangu alikuwa anacheza kwenye yale majivu. Alichelewa kusema, na darasani hakushika kitu. Alipopimwa damu tukaambiwa ni risasi. Baba alilia siku ile, na mpaka leo hiyo habari haizungumzwi nyumbani.

Seli Mbili: Pole sana dada. Lakini usichanganye risasi na lithiamu.

Mama Wawili: Nachanganya makusudi, kaka. Betri za risasi ndizo zinazosifiwa kwa kuchakatwa kuliko kitu kingine chochote. Marekani karibu zote zinarudi. Nyumba nyingi zenye sola zinatunza umeme kwenye hizo hizo. Kwa takwimu, ile sufuria ya baba nayo inahesabiwa kuwa ni kuchakata. Kwa hiyo mtu akiniambia “tuchakate tuachane na migodi”, namuuliza moshi unaenda wapi na mtoto analala wapi.

Msomaji wa Usiku: Si ndiyo maana nikasema viwandani?

Mama Wawili: Ulisema hawajui. Kiwanda kinachofaa hakikuwepo karibu, na aliyeinunua risasi alikuwa hataki kuiona ile sufuria. Baba angejua asingeyeyusha.

Upepo wa Kusi: Basi anayeuza betri ndiye alipe kuirudisha na kuivunja. Hilo linajibu na swali la Kipimapembe.

Kipimapembe: Linajibu nusu. Kampuni iliyouza inaweza kufa kabla ya betri yake.

Seli Mbili: Mama Wawili, naomba nikuulize bila ubishi. Betri za risasi nazo huwa napokea, nilikuwa sijasema. Siyeyushi, ila navunja kasha, nachambua vibamba, navirundika uani. Mwanangu ana miaka mitatu. Hicho kipimo walikifanyaje?

Mama Wawili: Walichukua damu ya mshipani, ikapelekwa maabara. Waambie kabisa kwamba unataka kipimo cha risasi, hawakifanyi wasipoombwa. Leo hii virundo vitoke uani. Usifagie pakavu, mwagia maji kwanza. Ukitoka kazini oga na ubadili nguo kabla hujambeba.