Naomba ushauri: kijana abaki timu ya shule au aende klabu ya kulipia?

Ndugu zangu, habari zenu. Tunaishi Lewiston, jimbo la Maine, Marekani. Kijana wangu ana miaka 16, winga wa kushoto, anachezea timu ya shule. Mji huu unapenda soka kweli. Mwaka 2015 vijana wa Lewiston High, wengi wao watoto wa wakimbizi wa Kisomali, walibeba ubingwa wa jimbo. Ila msimu wa shule ni mfupi, Agosti hadi mwanzoni mwa Novemba, kisha theluji. Januari nzima anapiga danadana gereji. Viatu vyake vimefumuka mbele, nimevishona mara mbili.

Sasa kocha wa klabu moja anamtaka. Ada inazidi kodi yetu ya nyumba ya mwezi, bado safari na hoteli. Anasema bila klabu, makocha wa vyuo hawatamwona. University of Maine ilifuta timu ya wanaume 2009, na vyuo vya Bates na Bowdoin viko Division III, daraja la tatu la michezo ya vyuo, havitoi ufadhili wa michezo. Msaada wao wa ada huangalia kipato cha familia. Kijana mwenyewe anaota kuchezea Portland Hearts of Pine, timu ya kulipwa ya hapa Maine iliyoanza ligi 2025.

Mliolea wachezaji huku, klabu hupunguza ada mzazi akiomba? Au nihangaikie alama zake za darasani kwanza?